Mbu wa Sellers na Uso wa Diouana

Kuna kisa kilichopendwa sana na maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakipeleka sinema vijijini katika makoloni ya Afrika. Wanakijiji wameonyeshwa filamu ya malaria, na kwenye kitambaa cheupe ametokea mbu aliyekijaza chote, toka pindo hadi pindo. Filamu inapokwisha, wazee wanasema wanaielewa hofu ya wageni, maana mbu wa kwao ni wakubwa kiasi kile. Wa hapa kijijini ni wadogo tu, hawana neno.

Kisa hicho kilirudiwa kwa sura nyingi na kupachikwa mahali pengi, hata haiwezekani kukiamini kama habari ya kijiji kimoja. Hata hivyo, juu ya visa vya namna hiyo ilijengwa kanuni nzima ya namna ya kumtengenezea Mwafrika filamu. Msemaji wake mkuu alikuwa William Sellers, aliyekuwa mtumishi wa afya Nigeria kabla ya kupewa uongozi wa Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939. Sellers alifundisha kwamba mtazamaji wa Afrika hajui kusoma picha. Kwa hiyo kamera itulie, isigeuzwe kushoto na kulia, watazamaji wasije wakadhani miti na nyumba zinakimbia. Tukio lisikatwe ghafla. Mtu akitoka chumbani, aonekane akitoka kabla ya kuonekana kwingine. Na picha ya karibu, ile inayokuza kitu kimoja na kuacha vingine vyote nje, itumiwe kwa tahadhari kubwa.

Nataka tukae kidogo kwenye hiyo picha ya karibu, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Katika miaka ya mwanzo ya sinema, kamera iliwekwa mbele ya waigizaji kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha ukumbi wa tamthilia: haisogei, inaona miili mizima toka kichwani hadi miguuni. Waongozaji waliofuata ndio walioiondoa kwenye kiti hicho. Carl Dreyer, katika filamu yake ya mwaka 1928 kuhusu kesi ya Jeanne d'Arc, alichimbisha mashimo kwenye sakafu ya jukwaa ili kamera iwatazame mahakimu kutoka chini, wawe wazito kama minara. Jeanne mwenyewe, aliyeigizwa na Renée Falconetti bila vipodozi, alisogelewa mpaka machozi na vinyweleo vikaonekana. Filamu haina sauti, lakini mtazamaji anamsikia. Ukiusogelea uso namna ile unakiri kwamba ndani yake mna mtu anayefikiri, anayesita, anayejua jambo ambalo wewe bado hulijui. Ukimweka mtu mbali daima, katikati ya shamba au foleni ya zahanati, unabaki na umbo linalotenda kazi.

Kanuni ya Sellers ilihusu macho ya mtazamaji, lakini hasara yake ilimwangukia aliyekuwa akipigwa picha. Katika filamu iliyotengenezwa kwa hofu ya picha ya karibu, mkulima ni mikono na jembe, mgonjwa ni kidonda na bendeji.

Kwetu mambo haya yalianza mapema kuliko London. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham waliendesha mradi wa majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitoa filamu takriban 35 kuhusu minyoo, kilimo, kodi na kuweka akiba posta. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, Kiswahili kikiwamo, na gari la sinema likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na mpaka Nyasaland. Nyingi zimepotea. Miongoni mwa chache zilizosalia ni ile ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro.

Ajabu ni kwamba wakati huo watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzisoma picha kwa miaka mingi. Jumba la Royal lilifunguliwa Unguja mwaka 1921, na Dar es Salaam na Mombasa nako majumba ya sinema yakawa sehemu ya jioni za mji. Katika miaka ya 1950 filamu ya Raj Kapoor, Awara, ilipowasili, watu walipanga foleni kuitazama, wengine zaidi ya mara moja. Awara imejaa nyuso zilizokuzwa, vivuli vinavyokatiza mashavu, na ndoto ndefu ya ngazi na mawingu. Wengi wa waliolia ukumbini hawakujua Kihindi. Walisoma macho ya mwigizaji wake, Nargis, basi. Nadharia ya mtazamaji asiyejua picha ingeweza kukanushwa na mkata tiketi yeyote wa Unguja kama angeulizwa. Nigeria nako, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950, utafiti wa mwanaanthropolojia Peter Morton-Williams ulionyesha kwamba kilichowatatiza watazamaji wa vijijini mara nyingi ni ugeni wa maisha yaliyoonyeshwa, kuliko mbinu za kamera.

Tanganyika ikapata pia filamu za hadithi zilizochezwa na Waafrika kwa Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu aliigiza kijana mtumishi wa ustawi wa jamii, Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 angekuwa Waziri Mkuu. Watu walimwona Kawawa kwenye pazia kabla ya kumwona jukwaani. Aliyeshika kamera, hata hivyo, bado alikuwa mgeni.

Msenegali Ousmane Sembène, aliyekuja kuishika kamera mwenyewe, alikuwa kuli wa bandarini Marseille na mwandishi wa riwaya kabla ya kwenda Moscow kujifunza filamu. Mwaka 1965 alikaa kwenye mjadala na Jean Rouch, Mfaransa aliyekuwa amepiga filamu nyingi Afrika Magharibi, akamwambia usoni kwamba yeye na wenzake wanawatazama Waafrika kama wadudu. Kila nikiwaza maneno hayo namkumbuka mbu wa Sellers. Sembène hakuwa akilalamika kwamba filamu za Rouch ni za uongo. Alikuwa akizungumzia mahali pa kusimama.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kusimama kwingine. Katika Borom Sarret ya mwaka 1963, mwendesha mkokoteni wa Dakar anaingia mtaa wa wenye nacho, anasimamishwa na polisi, nishani yake inaanguka, na kamera inashuka mpaka chini kutuonyesha kiatu cha polisi kikiikanyaga. Miaka mitatu baadaye alitoa La Noire de..., hadithi ya Diouana, msichana wa Dakar aliyepelekwa Antibes, Ufaransa, kuwa mtumishi wa ndani. Wanawake wamekaa ukingoni mwa barabara wakingoja waajiri. Bibi wa Kifaransa anapofika, wengine wanasimama na kumzonga. Diouana anabaki amekaa, na bibi anamchagua yeye. Hakuna aliyesema neno kuhusu tabia ya yeyote, lakini kwa mpangilio ule wa waliosimama na aliyekaa tumeshajua bibi anatafuta nini.

Kule Ufaransa Sembène anamfungia Diouana ndani ya kuta nyeupe. Kinyago alichowazawadia mabwana zake kimetundikwa peke yake ukutani, na kila Diouana anapopita karibu nacho tunaona vitu viwili vilivyoletwa kutoka Dakar kuja kupamba nyumba ya watu. Kamera inakaa na uso wa Mbissine Thérèse Diop bila haraka. Mabwana wanazungumza juu yake kana kwamba hayupo, na sisi tunasikia mawazo yake yote.

Diouana anajiua. Bwana anarudisha sanduku na kinyago Dakar, anampa mama wa marehemu fedha, na mama anazikataa. Mtoto mmoja anakivaa kinyago na kumfuata bwana uchochoroni, hatua kwa hatua, mpaka bwana anakimbilia gari. Kisha mtoto anakishusha kinyago, na kamera iko karibu naye kabisa.