Swichi ya Ridhimu

Mwaka 1958 kiwanda cha Leo Fender, mjini Fullerton, California, kilitoa gitaa la umeme lililopewa jina la Jazzmaster. Lilikuwa ghali kuliko Stratocaster ya kiwanda hichohicho, na lilikusudiwa wapigaji wa jazi waliokuwa bado wakishikilia magitaa yao makubwa yenye tumbo la uwazi. Anayelishika leo kwa mara ya kwanza hukwama kwenye swichi zake. Upande wa chini hakuna la ajabu: nobu ya sauti, nobu ya toni, na swichi ya kuchagua pikapu, yaani kile kidude cha sumaku na waya kinachonasa mtetemo wa nyuzi. Lakini juu ya nyuzi, karibu na kifua cha mpigaji, ipo swichi nyingine ndogo ya kusukuma, na pembeni yake magurudumu mawili yaliyozama hadi ukingo wake tu ndio unaoguswa na kidole. Ukiisukuma swichi hiyo juu, kila kitu cha chini kinakufa. Pikapu ya daraja inanyamaza, nobu hazisikiki, na gitaa zima linabaki na pikapu ya shingoni ikiongozwa na yale magurudumu. Kwa zaidi ya miaka 60 mpangilio huu umeitwa fujo, na wengi wameukata kwa koleo. Mimi nashikilia kwamba ni kumbukumbu ya kazi. Umehifadhi jinsi mpigaji gitaa mmoja alivyotakiwa kufanya kazi za watu wawili katika wimbo mmoja, kabla hajapata mahali pengine pa kuibadilishia sauti yake.

Kazi hizo mbili zilianza zikiwa za watu mbalimbali. Katika okestra ya Count Basie, Freddie Green aliingia 1937 na kukaa karibu nusu karne akipiga ridhimu kwa gitaa lisilo la umeme, mapigo manne kwa kila kipimo, na solo zake ni za kuhesabika. Mwaka 1939 Charlie Christian alijiunga na bendi ya Benny Goodman akiwa na gitaa la umeme, akapiga noti mojamoja zilizosikika mbele ya bendi kama za mpuliza saksafoni. Okestra kubwa zilipopungua baada ya Vita Kuu ya Pili, vikundi vidogo vikashika kumbi, na mara nyingi gitaa likabaki moja. Msomaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi ataona tofauti upesi, maana huku kwetu kazi iligawiwa kwa watu. NUTA Jazz iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1964, kama bendi nyingi za Kongo na Tanzania za wakati ule, ilikuwa na mpiga solo wake na mpiga ridhimu wake, kila mmoja akiipanga sauti ya gitaa lake na kuiacha hapo. (Na neno “Jazz” katika majina hayo lilimaanisha bendi ya dansi, jambo ambalo limewapotosha wageni wengi.) Mpigaji wa peke yake hakuwa na nafuu hiyo. Kordi za kumsindikiza mwimbaji zilitaka sauti nzito, ya chini, isiyomfunika. Zamu ya solo ilipofika, alitakiwa kupanda juu ya ngoma na piano ndani ya pigo moja. Amplifaya ilikuwa nyuma yake na mikono yote miwili ilikuwa kazini. Pedali za kukanyaga, ambazo leo hata mwanafunzi anazo, hazikuwa zimeenea. Maestro Fuzz-Tone, mojawapo ya za kwanza kuuzwa kwa wingi, ilitoka 1962.

Anayedhani kwamba Fender aliliwaza hili ghafla mwaka 1958 atazame magitaa yaliyotangulia. Gitaa lake la 1950, Broadcaster, ambalo baadaye liliitwa Telecaster, lilikuwa na swichi ya hatua tatu, na hatua ya mbele iliipitisha pikapu ya shingo kwenye kapasita iliyofyeka sauti nyembamba zote. Kilichobaki kilikuwa kizito kama besi, na hakuna nobu iliyoweza kukirejesha. Wapigaji wa leo huona hatua hiyo haina faida, lakini ilikuwa sauti ya kusindikizia iliyopangwa kiwandani, tayari kwa kidole kimoja. Washindani wake, Gibson, walipotoa Les Paul mwaka 1952, waliizungushia swichi yake pete yenye maneno mawili: upande mmoja ridhimu, upande wa pili sauti kali. Nauona ushahidi huu kuwa mzito kuliko matangazo ya biashara, kwa sababu pete ile ni maelekezo kwa mtumiaji. Haikumwambia achague sauti nzuri. Ilimwambia achague kazi anayoifanya sasa hivi.

Jazzmaster ililipeleka wazo hilo mbali kuliko magitaa hayo yote, na hapa inafaa kufungua kifuniko. Saketi ya chini, ile ya solo, ina nobu za ukinzani wa omu milioni 1, wakati Stratocaster ilitumia za omu 250,000. Ukinzani mkubwa hauruhusu sauti nyembamba kuvujia kwenye waya wa ethi, kwa hiyo solo inatoka ikiwa na ncha kali. Kwenye saketi ya juu, gurudumu la toni lina omu 50,000 tu. Hata ukilifungua hadi mwisho, sehemu ya sauti nyembamba inaendelea kuvuja kupitia kapasita, na pikapu ileile, yenye waya uleule, inasikika nene na tulivu. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba saketi ya juu ni nakala ya ya chini iliyowekwa kwa urembo. Aliyechagua 50,000 hapa na milioni 1 pale alijua sauti mbili anazozitaka. Hata kuzamishwa kwa magurudumu kuna sababu. Vipimo vya ridhimu hupangwa kabla ya onyesho, na mkono unaopita haupaswi kuvivuruga. Zamu ya solo inapokuja, swichi inashushwa na sauti ya pili inaingia pamoja na kiwango chake. Magitaa mengi ya siku zile yalimpa mpigaji uchaguzi wa pikapu. Hili lilimpa hali mbili kamili, kila moja na sauti na toni yake, kwa mguso mmoja.

Pingamizi la kwanza ni la soko: kama swichi ilikuwa jibu la haja ya wanajazi, mbona wanajazi waliikataa? Ni kweli waliikataa. Mpiga gitaa la jazi Joe Pass alionekana na magitaa ya Fender mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipokuwa Synanon, kituo cha waliokuwa wakiacha dawa za kulevya, lakini alipopewa Gibson alihamia huko na jina lake likabaki huko. Hata hivyo kukataliwa kwa gitaa si kukataliwa kwa haja. Wanajazi walitaka tumbo la uwazi, mvumo wa mbao, na sura waliyoizoea. Waliolipokea walikuwa vijana wa muziki wa mawimbi (surf) wa pwani ya California na bendi za ala tupu kama The Ventures, ambazo tayari zilikuwa na wapiga gitaa wawili. Katika bendi ya namna hiyo swichi ya juu haina kazi ya kufanya, kwa kuwa ridhimu anaishika mtu mwingine. Mpangilio ulifika kwa watu waliokwisha kugawana kazi ambazo wenyewe uliundwa kuziunganisha, na tangu hapo ukaanza kuonekana kama kitendawili.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Leo Fender alikuwa fundi redio. Gitaa hakujua kulipiga. Inasemwa kwamba fundi wa aina hiyo huongeza swichi kwa sababu anaweza. Kwa Jazzmaster, nimeonyesha kwa nini sikubali. Kwa Jaguar ya 1962 natetea kwa shida. Hiyo ilibakiza saketi ya juu, halafu chini ikaweka swichi tatu za kusukuma: moja ya kuwasha pikapu ya shingo, moja ya pikapu ya daraja, na ya tatu ya kupitisha sauti kwenye kapasita inayozuia besi. Hii ya tatu ina maana, kwa sababu ridhimu nyembamba hupenya vizuri pale besi na kinanda vimejaza chini. Lakini kutenga pikapu mbili kwenye swichi mbili kunamtaka mpigaji afanye miondoko miwili ambapo mmoja ungetosha, na akizizima zote kwa bahati mbaya gitaa linakuwa bubu. Mpiga gitaa Johnny Marr na kampuni ya Fender walipotengeneza Jaguar yake ya kwanza mwaka 2012, swichi hizo ziliondolewa, ikawekwa moja ya hatua nne. Hilo lilikuwa sahihisho la haki.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wapenzi wenyewe. Miaka ya 1970 magitaa haya yaliuzwa rahisi mitumba, Jaguar ikaachwa kutengenezwa mwaka 1975 na Jazzmaster kufikia 1980, na hapo ndipo yakaangukia mikononi mwa vijana wasio na fedha wa New York na kwingineko. Bendi ya Sonic Youth iliyafanya kuwa alama yake, na iliing’oa saketi ya juu. Modeli zilizotolewa kwa majina ya wapiga gitaa wake, Thurston Moore na Lee Ranaldo, mwaka 2009 hazina saketi hiyo, zina nobu ya sauti na swichi ya pikapu tu. Je, watu wanaolipenda gitaa wakiitoa, si wametoa hukumu? Wametoa, juu ya haja zao. Anayepiga kwa nguvu hugonga swichi ya juu bila kukusudia, na sauti ikazama katikati ya wimbo. Hilo ni kosa la kweli. Lakini wakati huo kubadilisha sauti kulikwisha kuhamia miguuni, kwenye safu ya pedali, na kilichokatwa na koleo kilikuwa chombo cha kazi iliyohama. Walioiacha mahali pake nao wameipatia shughuli: wanashusha gurudumu la sauti la ridhimu hadi sifuri, kisha katikati ya mngurumo wanaisukuma swichi juu na chini kwa haraka, na sauti inakatika na kurudi vipandevipande, kwa kidole kilekile ambacho mwaka 1958 kilitarajiwa kumpisha mwimbaji.