Sumu tunayoiita dawa

Mwezi uliopita nilikuwa Kasikeu, kule Makueni, kwa rafiki yangu wa siku nyingi. Asubuhi tulimkuta kijana wake akipiga dawa nyanya, amevaa fulana, kaptura na ndara, pampu inamvuja mgongoni. Tundu la kupulizia likiziba, hulitia mdomoni akalipuliza. Nilipomkanya akacheka: "Ni dawa tu, mzee."

Neno hilo ndilo linalotuponza. Dawa za wadudu za jamii ya organofosfeti huvuruga neva za mdudu, na za mtu pia. Wengi hudhani hazidhuru mpaka zinywewe, kumbe kwa mpigaji dawa mlango mkubwa ni ngozi. Joto na jasho huirahisishia sumu kupita. Pampu ikivuja, maji yake huteremka hadi sehemu za siri, na huko ngozi hunywa upesi kuliko ya mkono. Hatari zaidi ni wakati wa kuchanganya, kwani dawa iliyo chupani bado haijazimuliwa. Upepo ukigeuka, ukungu wake huingia puani na machoni. Mdomo nao haukosi fungu lake: mkate au miraa kwa mkono usiooshwa, au masalio yaliyotiwa kwenye chupa ya soda, mtoto akayaona.

Ukimwona mwenzako anatoka jasho jingi na mate, haoni vizuri, kifua kinambana, usimpe maziwa ukangoja. Vaa glavu, mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali pamoja na karatasi ya chupani.

Nasi wa Pwani tusijione wajanja. Owino Uhuru, hapo Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watu madini ya risasi miilini. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Vumbi la risasi huvutwa kwa pumzi, humezwa kutoka vidoleni, na hufuatana na mfanyakazi nyumbani ndani ya nguo zake.

Jioni, kule Kasikeu, niliikuta fulana ya yule kijana imelowekwa beseni moja na nguo za mtoto mchanga. Nikamwomba mkewe azitenge, na za mtoto azifue upya kwa maji mengine.