Watoto Wasiokuwamo Kwenye Daftari la Mkonge

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kufikia 1964 Tanganyika, leo Tanzania Bara, ilizalisha karibu tani 230,000 za nyuzi kwa mwaka. Historia hiyo husimuliwa kwa tani na bei. Watoto wa kambi za wafanyakazi hawamo.

Kwa miaka mingi mashamba yalimtaka mwanamume peke yake. Wanaume hao, walioitwa manamba, walitoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji kwa mkataba, na tangu 1944 SILABU, chombo cha wenye mashamba, ndicho kilichowakusanya na kuwasafirisha. Mke na watoto wakibaki kijijini, mwajiri ajenge shule ya nini? Mkataji wa kesho alilelewa kwa jembe la mama yake huko Kigoma, bila shamba kutoa senti. Wenye mashamba hawakusahau watoto, walipiga hesabu.

Walipoanza kutaka wafanyakazi wa kudumu, familia nazo zikahamia kambini. Huko mtoto alikutana na miiba ya ncha za majani, maji ya mkonge yanayowasha ngozi, na korona, mashine ya kutoa nyuzi isiyobagua jani na mkono. Mkataji alipangiwa idadi ya matita kwa siku, na asipoitimiza siku yake haikuhesabiwa kwenye kipande, kadi yake ya kazi. Mtoto wa kumsaidia kufunga matita alikuwa neema. Nani angemlaumu baba huyo?

Shule nayo haikuwa na uhakika: ada ya shule ya msingi ilifutwa 1973, ikarudi miaka ya 1980, ikafutwa tena 2001. Ilirudi wakati mbaya mno: nyuzi za plastiki zilikwisha kuvunja soko la mkonge, na mashamba mengi yalikuwa yakigeuka pori huku familia zikiwa bado kambini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyetimiza umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomkosesha shule. Sheria nzuri, ila inamtazama mwajiri. Mtoto anayemfungia baba yake matita hajaajiriwa na mtu, na mkaguzi akifungua daftari la malipo atamkuta baba peke yake, ametimiza mgawo wake wa siku.