Kumbukumbu ya Askari Mzee Aliyepatanisha Nyumba

Ni desturi ya Chama chetu, kabla ya kusoma hesabu za mwaka, kuwakumbuka wazee waliotutangulia. Safari hii twamkumbuka mzee mmoja wa nchi ya Abagusii, aliyekuwa askari katika ujana wake na mpatanishi wa nyumba katika uzee wake. Jamaa zake wametuomba tusiandike jina lake, nasi tumekubali, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa.

Vita vya wageni vilifika kwetu kabla hajazaliwa. Tarehe 12 Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii mjini, na baadaye vijana wengi wa Gusii walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, kazi iliyoitwa Kariakoo. Maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi na uchovu, na mishahara ya wengi haikuwafikia wao wala jamaa zao. Baba wa mzee wetu alikuwa miongoni mwa waliorudi mikono mitupu.

Katika Vita Kuu ya Pili mwana naye alijiunga na King's African Rifles. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1944 ilipita bonde la Kabaw huko Burma, katika matope, mvua kubwa na malaria, hata ikaingia Kalewa mwezi wa Desemba. Jeshini alijifunza Kiswahili, na kusoma na kuandika. Sehemu ya mshahara wake ilipelekwa nyumbani kwa baba yake, naye aliamini kwamba ng'ombe zake za mahari zinanunuliwa.

Aliporudi hakukuta ng'ombe hata mmoja. Mahari ilikuwa imepanda sana katika miaka hiyo ya 1940, na fedha zake zote zilikuwa zimemwoza ndugu yake mkubwa. Kwa muda wa miaka miwili hakusema na baba yake, ingawa maboma yao yalitenganishwa na ua tu.

Hatimaye wazee wa ukoo waliwakalisha pamoja. Baba alipotakiwa kujieleza, hakutaja mahari, bali alianza na Kariakoo: mizigo aliyobeba, wenzake aliowazika njiani, na mshahara ambao hakuupata kamwe. Fedha za mwana zilipofika, yeye aliziona kuwa ni deni la nyumba ambalo hatimaye limelipwa. Mwana alikuwa hajapata kuyasikia maneno hayo. Wazee hawakusema kwamba baba alikuwa na haki. Waliamua kwamba ng'ombe watakaoletwa kwa ajili ya dada yao mdogo wawe wake yeye, kama ilivyo desturi yetu kwamba ng'ombe za dada humwoza ndugu yake. Ndivyo alivyooa.

Baada ya vita Serikali iliwafundisha baadhi ya askari wa zamani kazi ya ustawi wa jamii katika Jeanes School, Kabete. Mzee wetu hakwenda huko. Chuo chake kilikuwa shauri lile la nyumbani kwao, na kila alipoitwa kupatanisha watu, toka Kisii hata Nyamira, alifuata njia ile ile. Alitaka kila mmoja aeleze habari tangu mwanzo, si tangu siku ya ugomvi. Fedha zilizotumwa na zilizotumiwa ziliandikwa mbele ya wote. Wala hakuruhusu uamuzi utolewe siku ile ile, kwa maana, alisema, mtu mwenye njaa na hasira hutia sahihi asichokitaka.

Hatutaki kumfanya malaika. Wakati mmoja alimshauri mwanamke aliyepigwa arudi kwa mumewe, kwa kuwa mahari ilikuwa imekwisha kulipwa, naye akaumizwa vibaya zaidi. Mzee alikwenda kwa wazazi wa mwanamke huyo, akaomba msamaha mbele ya watu, jambo ambalo wengi wa rika lake walilihesabu kuwa aibu. Tangu siku hiyo hakumrudisha mwanamke yeyote kwenye nyumba yenye fimbo. Alifariki akiwa amepita umri wa miaka tisini.

Leo Katiba ya mwaka 2010 yatambua upatanishi wa kimila, mradi usivunje haki za mtu. Na sheria ya mwaka 2015 inamkinga mwenye kudhulumiwa nyumbani. Mambo hayo mzee aliyajua kwa kukosea kwanza. Lakini mashauri yanayoletwa mbele ya Kamati yetu ni yale yale: vijana walioko mbali hutuma fedha za kujengea, wakirudi hakuna nyumba, ndugu hugombea kipande cha shamba kisichotosha mmoja wao. Wepesi wa kwenda mahakamani umezidi, na subira ya kusikiliza imepungua.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wote: kabla hujamshitaki baba yako au ndugu yako, mwulize alichukua mzigo gani kabla yako. Huenda jibu lake lisikurudishie shilingi hata moja. Mzee wetu hakurudishiwa. Lakini alimzika baba yake akiwa mwanawe, si adui yake.