Kutuliza Moyo Kabla ya Vita: Mila ya Uchaggani na Historia Yake

Katika karne ya 19 miteremko ya Kilimanjaro iligawanyika katika himaya nyingi ndogo, kila moja ikiwa chini ya mangi, yaani mtawala wake, na mara nyingi ikitenganishwa na jirani yake kwa korongo la mto. Kijana wa Moshi, Kibosho, Machame au Marangu alikua akifahamu kwamba siku moja ataitwa kuvuka korongo hilo akiwa na silaha mkononi. Upinde na mishale vilijulikana, na Wakamba wa nyika za kaskazini walisifika kwa ulengaji wao, lakini kufikia nusu ya pili ya karne hiyo mpiganaji wa Kichagga alitegemea zaidi mkuki na ngao ya ngozi, kwa mtindo uliofanana na wa Wamaasai. Mpiga upinde akiingiwa na woga hutetemeka mkono na mshale wake hukosa shabaha. Mshika mkuki akiingiwa na woga humpa adui mgongo, na pengo analoliacha huwaangamiza wenzake walio kando yake. Kwa sababu hiyo hofu ya mtu mmoja ilihesabiwa kuwa shauri la himaya nzima, na namna ya kuituliza haikuachwa mikononi mwa mwenye hofu peke yake.

Maandalizi yalianza miaka mingi kabla ya vita. Mvulana alitahiriwa pamoja na wenzake wa rika, akitakiwa kustahimili kisu bila kulia huku watu wakimtazama, kisha akaingia katika ngasi, yaani jando la mafunzo lililofanyika msituni, ambako njaa, baridi na vitisho vilikuwa sehemu ya masomo. Mwalimu wa mafunzo hayo alishika mregho, fimbo iliyokatwa alama kwa mpangilio maalumu, kila alama ikibeba fundisho lake, naye aliipapasa alama moja baada ya nyingine huku akiimba maneno yaliyohusu kila mojawapo. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri kutoka Ujerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuishi Moshi ya Kale kwa miaka mingi, aliyaandika mafundisho hayo katika juzuu tatu zilizotoka kati ya 1932 na 1938. Ukubwa wa kazi hiyo unatosha kuonyesha jinsi elimu hiyo ilivyokuwa pana. Kijana aliyepita humo alikuwa amekwisha kuonja woga mbele ya wenzake na kuuona ukipita, na pengine hakuna silaha nyingine aliyopewa iliyomfaa zaidi.

Vita vilipokaribia, wazee walitambika kwa warumu, yaani mizimu ya wahenga, wakamchinja mbuzi au kondoo na kuyachunguza matumbo yake ili kusoma dalili za safari. Baraka ilitolewa kwa mate au kwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, iliyopulizwa juu ya anayebarikiwa. Kutokana na ngozi ya mnyama wa tambiko kilikatwa kishongu, yaani kipande chembamba chenye tundu, nacho kikavishwa kidoleni mfano wa pete. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika Kilema kwa mangi Masaki mwaka 1848, alikutana na desturi hiyo alipopokewa kama mgeni, jambo linaloonyesha kwamba haikuwa ya vita pekee: ilihitajika popote ambapo pande mbili zilihofiana, na yaelekea wenyeji walimwogopa yeye kama alivyowaogopa wao.

Wazungu wengi walioyaandika hayo waliyaita ushirikina, na kwa kufanya hivyo walipitwa na jambo kubwa. Kijana aliyekesha na wenzake akiimba, aliyekula nyama ya tambiko, aliyeguswa na wazee wake na kuvishwa ngozi ambayo bado ina unyevu, hakubaki na nafasi ya kukaa peke yake na mawazo yake. Zaidi ya hayo, dalili mbaya zilimpa mangi njia ya kuahirisha vita bila yeye wala vijana wake kuitwa waoga.

Utaratibu huo ulijaribiwa vikali Wajerumani walipofika. Mangi Sina wa Kibosho alishindwa na Hermann von Wissmann mwaka 1891. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, watu wa Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi aliyejulikana kwa watu wa pwani kama Mandara, waliwashinda Wajerumani na kumwua kiongozi wao, von Bülow, lakini mwezi Agosti 1893 Meli naye akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa Moshi ya Kale, pamoja na viongozi wengine, mbele ya watu wake.

Baada ya hapo vita vya himaya kwa himaya vilikoma, na ngasi ikafifia chini ya serikali ya kikoloni na misheni. Petro Itosi Marealle alipochapisha kitabu chake *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera* mwaka 1947, mengi ya mila hizo yalikuwa yakielekea kuwa kumbukumbu. Leo ushindani mkubwa unaowakusanya watu Moshi ni mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, ambazo sehemu ya njia yake hupanda mteremko kuelekea Mweka. Vikundi vya jogingi hufika vikiimba kwa kupokezana, na kuimba huko hurefusha pumzi na kuwaunganisha wakimbiaji kama zamani. Kilichokosekana ni mamlaka ya wazee: mbio huanza saa iliyopangwa, hata kama moyo wa mkimbiaji haujatulia.