Dalali wa Shanghai

Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe huko Garissa. Hakuwa na mifugo wala bucha; mtaji wake ulikuwa kujuana na watu. Mfugaji na mnunuzi wa kutoka Nairobi walimwamini yeye kabla hawajaaminiana wao. Ndiyo maana nikisoma historia ya biashara, kwanza huwa namtafuta dalali. Katika ile ya Israeli na China yupo: Shaul Eisenberg.

Januari 1950 Israeli iliitambua serikali mpya ya Beijing, nchi ya kwanza Mashariki ya Kati kufanya hivyo. Uhusiano wa kibalozi, hata hivyo, ulikuja Januari 1992. Miaka 42! Lakini biashara haikungoja bendera.

Eisenberg alizaliwa Munich mwaka 1921. Alipowakimbia Wanazi alifika Shanghai, mji uliopokea Wayahudi wapatao 20,000 wakati nchi nyingi zilikuwa zimewafungia mlango. Baadaye alihamia Japani, akaoa huko, akajifunza mwendo wa wafanyabiashara wa Asia Mashariki. Mwaka 1979 ndege yake binafsi ilipeleka ujumbe wa Waisraeli China kisirisiri. Hawakwenda kuuza machungwa. Walikwenda kuuza silaha, na sitalipamba jambo hilo.

Sasa hebu waweke watu hawa meza moja. Waisraeli husifia dugri, yaani kusema wazi bila kuzungukazunguka. Mtu hubishana hata na bosi wake mbele ya wageni, na hakuna anayeona ametukanwa. Kwa Wachina kuna guanxi, kujuana kunakojengwa mlo baada ya mlo, na mianzi, heshima ya mtu mbele ya wenzake. Ukiambiwa "tutalitazama suala hilo", huenda umeshakataliwa. Huyu anaona anapotezewa muda. Yule anaona mgeni hana adabu. Hapo ndipo dalali hula jasho lake: anakaa, anangoja, na maneno makali anayameza kabla hayajafika upande wa pili.

Eisenberg alifariki Beijing mwaka 1997. Mwaka 2000 Israeli ilifuta mauzo ya Phalcon, mfumo wa rada wa kufungwa kwenye ndege, kwa shinikizo la Marekani. Rais Jiang Zemin alikuwa ametoka kuzuru Israeli miezi michache tu kabla. Fikiria aibu hiyo. Fidia iliyolipwa ilifika mamia ya mamilioni ya dola.

Walirudiana polepole, safari hii kwa bidhaa za raia. Mwaka 2011 ChemChina ilinunua asilimia 60 ya Makhteshim Agan, watengenezaji wa dawa za kilimo. Mwaka 2015 Bright Food ya Shanghai ilichukua sehemu kubwa ya Tnuva, kampuni kongwe ya maziwa. Mwaka 2021 bandari mpya ya Haifa ilifunguliwa, ikiendeshwa na kampuni ya Shanghai. Marekani ikanung'unika tena.

Kwa hivyo nikisikia eti mila ndizo huvunja biashara, nasita. Phalcon haikuvunjwa na dugri wala mianzi. Aliyeivunja hakuwa hata mezani.

Baba naye aliwahi kuvunjiwa bei na mkubwa asiyekanyaga soko. Alimwendea mfugaji mwenyewe, akaketi, akamweleza ukweli wote chai ikipoa. Ng'ombe hawakuuzwa siku hiyo. Msimu uliofuata, mfugaji yule alimtafuta Baba kwanza.