Nani Anaangalia Mita?

Wiki hii nimekuwa nikisoma historia ya kompyuta, na kuna swali limeniganda kichwani: mbona wanasayansi walichelewa hivyo kuuliza mahesabu yao yanakula umeme kiasi gani?

ENIAC, iliyoonyeshwa kwa umma kule Philadelphia, Marekani, Februari 1946, ilikula kilowati 150 hivi. Ilijengwa kwa ajili ya jeshi, na jeshi lilitaka majibu haraka. Kwa miaka mingi baada ya hapo sifa kuu ya kompyuta kubwa ikabaki hiyo hiyo: mbio.

Walioleta wazo jipya walikuwa wanahangaika na betri za kompyuta za kubeba. Mwaka 1994 Mark Weiser na wenzake wa Xerox PARC, California, waliandika kwamba badala ya prosesa kukimbia kisha ikae bure, bora iende polepole imalize pale kazi inapohitajika. Ukipunguza kasi unaweza kupunguza na volteji. Volteji ikishuka nusu, hesabu ileile hutumia kama robo ya umeme. Robo, jamani!

Sasa chukua Montage, programu inayounga picha nyingi za anga ziwe moja. Ndani yake kuna kazi ndogondogo chungu nzima, na nyingine haziwezi kuanza mpaka zilizotangulia ziishe. Ni kama kupika maharage na mchicha. Maharage yanataka saa mbili, mchicha dakika kumi. Ya nini kuwasha majiko mawili kwa pamoja, tena moto mkali? Kazi za maharage zikimbizwe, za mchicha zisubiri au ziende taratibu. Chakula kitaiva saa ileile.

Mwaka 2002 Wu-chun Feng wa maabara ya Los Alamos alijenga Green Destiny: prosesa 240, kilowati 3.2 hivi, ndani ya ghala lenye vumbi na bila kiyoyozi. Novemba 2007 yeye na Kirk Cameron wakaanzisha Green500, orodha inayopanga kompyuta kubwa kwa kazi zinayofanya kwa kila wati.

Wakati huohuo, Agosti 2006, Amazon ilikuwa imeanza kukodisha kompyuta kwa saa, kile kinachoitwa wingu. Mwaka 2008 Ewa Deelman na wenzake walipiga hesabu ya gharama ya kuendesha Montage humo: saa za mashine, hifadhi, kusafirisha data. Umeme haukuwa na mstari wake. Mwenye LUKU nyumbani anaona uniti zinavyoyeyuka, mpangaji wa wingu haoni kitu. Tena akienda taratibu bili inapanda.

Mwaka 2020 Google ilitangaza kwamba inasogeza kazi zinazoweza kusubiri hadi saa ambazo jua na upepo vinatoa umeme mwingi. Sawa, lakini mwenye mashine anayeona mita hajui yapi ni maharage ya mtafiti. Siku hizi makampuni haya huwapa wateja ripoti za hewa ukaa, za mwezi. Mimi ningependa kilowati-saa za kila kazi, ziandikwe palepale pembeni ya dola.